Kidole cha Mwalimu Zarandi

“Nyota haifuati bikari.” Mmeisikia leo kwa fundi seremala, mlango ulipokataa kuingia kwenye fremu, mkarudi mnacheka. Haya, chekeni. Methali yenyewe haina kicheko ndani yake. Tatu, weka hiyo simu chini, usikie ilikotoka.

Zamani hizo, katika mji mmoja wa milimani huko Uajemi, palikuwa na mtaalamu wa falaki, Mwalimu Zarandi, na mwanafunzi wake Behruz, mtu mzima mwenye ndevu zake. Kwa miaka thelathini mzee aliitafutia njia nyota moja tu, Mirihi, ile nyekundu, kaidi, inayokwenda mbele, ikasimama, ikarudi nyuma. Kwa bikari alichora duara kubwa, dunia katikati kabisa, na ukingoni mwake duara dogo lililobeba nyota. Maduara yakizunguka pamoja, nyota inakwenda na kurudi. Kazi safi! Lakini macho yakamzimika kabla hajaihakiki, na uzee ulikuwa umemfikisha pabaya. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: kitabu chake kisitoke na uongo.

Basi kila baada ya Magharibi walipanda darini. Behruz akipima, mzee akiuliza, “Ipo pale nilipochora?”

Siku ya kwanza nyota ilipopotoka, Behruz alisema kweli. Mzee hakutia chakula kinywani siku mbili. Behruz akamwonea huruma, hata nyinyi mngemwonea. Ilipopotoka tena akajibu, “Ipo pale pale, Mwalimu.” Na jibu likawa hilo hilo kila jioni.

Jamani, hapo ndipo mambo yalipoanza kutisha. Behruz alikuwa akimsimamisha mzee kuelekea pale palipochorwa. Akimwachia tu, uso wa mzee unageuka taratibu upande wa kushoto, kama mtu aliyesikia akiitwa. Anamrudisha kwa bega, unageuka tena. Na kadiri Mirihi ilivyozidi kuachana na mchoro, uso nao ulizidi kwenda. Behruz akaanza kuogopa ile ngazi, akawa anaipanda huku anasoma Ayatul Kursi.

Jioni moja ya mwezi wa Rajabu mzee aliuliza kama kawaida.

“Ipo pale pale, Mwalimu.”

Mzee akanyoosha kidole, kushoto, juu ya paa la jirani. “Basi yule anayenitazama kule ni nani?”

Nywele zilimsimama Behruz. Akakifuata kile kidole kwa chombo chake cha kupimia. Ncha ya ukucha ilielekea kwenye Mirihi barabara, haikuzidi wala kupungua.

“Ndiyo yenyewe, Mwalimu,” alisema, akapiga magoti akilia. “Nimekudanganya.”

“Tangu lini?”

“Tangu Mfungo Sita.”

“Miezi minne.” Mzee hakufoka, na afadhali angefoka. “Mwanangu, ulidhani unanihurumia. Siku zangu zenyewe za kuhesabu, nawe umenilia miezi minne! Haya, nipe vipimo vya kweli. Vyote.”

Behruz akamsomea mpaka sauti ikamkauka. Mzee akaomba karatasi mpya na bikari, akataka aachwe peke yake.

Alfajiri Behruz alimkuta ameinama juu ya karatasi, mwili umekwisha kuwa baridi. Inna lillahi. Bikari ilikuwa mkononi, duara halijachorwa. Palikuwa na kitundu kimoja tu cha mguu wa bikari, tena si katikati ya karatasi, pale alipoiweka dunia siku zote, bali kando yake, mahali patupu pasipo na kitu.

Walipokwisha kumzika, Behruz akautia mguu wa bikari katika kitundu kile, akazungusha duara, akapiga hesabu upya. Jioni akapanda darini. Mirihi ilikuwa hapo hapo duara lilipoiweka.

“Ipo pale pale, Mwalimu,” alisema. Safari hii ilikuwa kweli, na hapakuwa na wa kumsikia.

Baadaye Behruz naye akawa na wanafunzi. Kila aliyepima akapata asichokipenda, akataka kukipindapinda kiwe kizuri, alimpeleka akaone ile karatasi yenye kitundu. Kisha akamwambia maneno haya mliyoyacheka leo: Nyota haifuati bikari.