Sange na Kaburi la Genge Jekundu

Sogeeni, lakini msinikalie miguu. Nimelima tangu asubuhi na mgongo huu si wangu tena. Nitasimulia mara moja tu, na atakayeniuliza "halafu?" kabla sijameza mate, nitalala nimwache na swali lake.

Hapo zamani za kale, na lini hasa msiniulize, palikuwa na bonde kavu lenye chemchemi moja chini ya genge jekundu. Kando ya chemchemi aliishi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, pamoja na watoto wake wawili. Jirani yake alikuwa Kwale, ndege anayependa kutembea kuliko kuruka.

Sange alikuwa na kazi isiyokwisha: kufagia njia zake. Sange asiye na njia safi ya kukimbilia ni chakula cha mwewe. Kila asubuhi, fya, fya, fya! Akimaliza huku, genge linamwaga kokoto kule. Alichoka, wanangu. Alichoka uchovu wa mtu ambaye kazi yake haionekani mpaka siku asipoifanya.

Mwaka huo ziwa la bonde la chini likakauka. Basi siku moja, buruuu, buruuu, akaja Bwana Mamba akiburura tumbo. Nyuma yake, puu, puu, puu, rafiki yake Kiboko, ngozi imempasuka kwa jua.

"Sipigi hodi," alisema Mamba, "nimefika kwangu. Nyinyi vidudu, hameni!"

"Kwako tangu lini, Bwana Mamba?" aliuliza Sange.

"Tangu enzi za babu! Wewe kipua, una kaburi la babu yako hapa?"

Sheria ya bonde lile ilikuwa hivi: penye kaburi la babu yako ndipo kwako. Lakini hukubaliwi kwa maneno matupu. Lazima kaburi lisafishwe mbele ya hakimu, kisha uonyeshe alama ya ukoo, yaani kitu alicho nacho marehemu na wewe mjukuu unacho. Hakimu alikuwa Bi Chura. Yeye hana nywele, hana manyoya ya ndege, hana magamba, kwa hiyo hana wa kumpendelea.

"Kesho hakimu anakuja," alisema Mamba. "Mkikosa kaburi, mnahama. Mkikataa kuhama, mimi sijala tangu ziwa likauke."

Wakubwa wakaenda kulala kivulini. Kwale akaanza kulia. "Twende zetu, jirani. Tutashindana na nani sisi?"

"Twende wapi?" alisema Sange. "Bonde la juu nilihama kwa sababu ya tembo. Vichakani nilihama kwa sababu ya moto. Watoto hawa hawatafika kwenye maji mengine, watakufa njiani. Niache nifikiri, tena nifikiri nimekaa."

Akakaa juu ya rundo la takataka alizofagia chini ya genge. Kitu kikamchoma. Akakivuta: kitaya kidogo cha jiwe, kina vijino. Miaka yote alikuwa akivifagia vitu vile bila kuvitazama, maana aliyechoka hatazami takataka. Safari hii akatazama.

Akatazama na genge lenyewe. Pale chini, ukucha mkubwa wa jiwe ulikuwa umechomoza. Kando yake, kwenye jiwe bapa, palikuwa na michirizi laini iliyolala mmoja baada ya mwingine. Akamwita Kwale anyooshe bawa lake juu yake. Lo! Michirizi ile ilikuwa manyoya, yale yale ya Kwale, ila makubwa.

"Jirani," Kwale alinong'ona, "amelala nani humu?"

"Wako, nadhani. Lakini mwili wote uko chini ya jabali. Hata sange wa dunia nzima hawalisogezi."

Akarudishia vumbi juu ya michirizi, akaenda kwa Mamba.

"Shikamoo, Bwana Mamba. Nimekuja kushindwa."

"Marahaba! Mapema hivyo?"

"Nimechoka, bwana. Nimeona ukucha wa marehemu pale gengeni, mkubwa kuliko mimi. Nani mwingine hapa mwenye babu wa kiasi hicho?"

Mamba akacheka, meno yote nje. "Si nilikwambia!"

"Basi kesho uapishwe upesi, nikapumzike. Wewe sema tu hivi: mwenye kaburi hili, na wote waliolala ndani yake, wao na wajukuu wao ndio wenye chemchemi. Huenda na wajomba zako wamo, si vizuri kuwaacha."

"Ala! Kumbe una adabu, kipua. Nitaapa hivyo hivyo."

Asubuhi Bi Chura akafika, koo limemkauka hata sauti haitoki vizuri. "Apeni upesi. Sitauliza tena."

Mamba akalamba udongo wa kaburi, maana ndicho kiapo chao, na aliyeulamba akavunja neno hapati tena wa kumsikiliza. Akasema maneno yote bila kupunguza hata moja.

"Kazi ianze!" alisema Bi Chura.

Kiboko akaweka bega kwenye jabali. "Hiiii-yaa! Hiiii-yaa!" Gudu, gudu, gudu... PUU! Mamba akaingia na makucha, kwaru, kwaru, kwaru, mkia unapeperusha vumbi. Jua likapanda. Mamba akahema kama mvukuto. Sange yeye alikuwa kivulini na watoto wake, na ndiyo mara ya kwanza mwaka ule amekaa wakati wengine wanafanya kazi.

Kikatokea kichwa, kina taya refu lililojaa meno. Ukatokea mkia mrefu wa mifupa mitupu.

"Babu!" Mamba alilia. "Babu yangu mzaa baba! Tazameni meno! Tazameni mkia! Uwiii!"

Kiboko naye akalia, kwa adabu tu.

"Poleni kwa msiba," alisema Sange. "Bado kifua na mikono."

Wakafukua kifua. Sange akapanda juu ya mbavu, akagonga mfupa mmoja uliopinda mithili ya manati.

"Bwana Mamba, huu unao kifuani?"

Mamba akajipapasa. "Huu... huu mimi sina."

"Mimi ninao!" Kwale aliruka. "Uko hapa, chini ya shingo!"

Sange akaonyesha mfupa wa mguu uliovunjika jabali lilipoanguka. "Ndani ni uwazi, kama mwanzi. Jirani, mifupa yako ikoje?"

"Ina uwazi pia. Myepesi."

Kisha Sange akapuliza vumbi lake la jana, fuuu! Kutoka kwenye ukucha hadi begani, mkono wote wa marehemu ulikuwa umepangwa manyoya ya ndege, safu kwa safu, juu ya jiwe.



"Uongo!" alifoka Mamba. "Huyu ana meno! Kwale ana meno? Ana mkia wa mifupa! Kwale anao?"

"Sina," alisema Kwale kwa sauti ndogo.

"Bi Hakimu," Sange alisema, "ukoo hupoteza vitu njiani. Meno yanaweza kupotea vizazi vikipita, na mkia ukafupika. Lakini manyoya hayo hakuazima kwa mtu. Bwana Mamba atuonyeshe unyoya mmoja tu, nasi tutaondoka."

Mamba akajitazama mbele. Akajitazama nyuma. Akatazama hata chini ya mkia. Magamba matupu.

"Babu yangu?" Kwale alisogelea mifupa. "Huyu? Mimi ninayekimbia panzi?"

"Msalimie tu," alisema Sange, "atakuzoea."

Mara Mamba akachungulia ndani ya mbavu, akaangua kicheko. "Na huyu mdogo tumboni je? Amemezwa! Babu yako wewe kipua, aliliwa na babu wa jirani yako! Ha!"

Kwale akafunika uso kwa bawa. "Jirani, sijui niseme nini."

"Yaliyopita si ndwele," alisema Sange. "Bi Hakimu, Bwana Mamba aliapa: na wote waliolala ndani yake. Huyu amelala ndani."

"Aliyeliwa anaachaje wajukuu?" Mamba alipiga kelele.

"Tena si babu, ni bibi. Aliliwa jioni. Asubuhi alikuwa ameshazaa."

"Alama ya ukoo," alisema Bi Chura.

Sange akatoa kitaya kile cha kwenye takataka, kidogo kama punje ya mpunga, akakilinganisha na taya la yule wa tumboni, vikawa sawasawa, akakiweka mbele ya hakimu. "Bwana Mamba, meno yako yote ni ya namna moja, misumari mitupu. Ya huyu yamegawana kazi. Haya ya mbele ni ya kukatia. Hili ni chonge. Haya ya nyuma ni magego ya kutafunia." Akafumbua mdomo wake mwenyewe. Mgawo ulikuwa ule ule. Kisha akageuka. "Mzee Kiboko, na wewe fumbua."

"Mimi nahusika vipi?"

"Fumbua tu, mzee wangu."

Kiboko akafumbua, aaaah, mdomo kama mlango wa ghala. Mbele, ya mbele. Pembeni, chonge. Nyuma, magego.

"Ulinyonya maziwa utotoni?"

"Nilinyonya."

"Una nywele?"

"Chache. Puani, na nyingine mkiani."

"Mimi pia. Basi hicho kitaya ni cha bibi yako, kama kilivyo cha bibi yangu."

Kiboko akakitazama kile kitaya. Akajitazama tumbo. "Punje hii? Imenizaa mimi?" Machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa ya adabu. Magoti yakapiga chini, PUU! "Shikamoo, bibi!"

Bi Chura akakohoa. "Kaburi ni la Kwale, na la wajukuu wa aliyelala ndani. Chemchemi ni yao. Nimemaliza, nipeni maji."

"Hukumu ni maneno!" Mamba alinguruma. "Mimi nina taya!" Akamrukia Sange, mdomo wazi.

Sange hakukimbia. Wala msidhani ni ushujaa, wanangu, miguu ilikataa. Aliwasukuma watoto wake nyuma yake, akafumba macho, akangoja.

Taya halikufika. Kiboko alikuwa ameukanyaga mkia wa Mamba.

"Kiboko! Rafiki yangu! Si tumetoka pamoja?"

"Tumetoka pamoja ziwani," alisema Kiboko. "Lakini hapa ni kwa bibi yangu, na huyo ni ndugu yangu. Funga mdomo."

Mamba akaufunga, tap!

"Mwache anywe kwanza," alisema Sange bila kufumbua macho. "Kiu si kosa. Akishiba maji aende."

Mamba akanywa huku ameinamisha kichwa, kisha, buruuu, buruuu, akaondoka polepole kuelekea mtoni mbali. Hakuna aliyemzomea. Jua lilikuwa kali mno kwa kuzomea.

Kiboko akainama mpaka pua yake ikaigusa ile pua ndefu. "Ndugu yangu, ulijua haya yote tangu jana?"

"Nilijua jabali siliwezi," alisema Sange, "na nilijua wewe unaliweza. Mengine sasa nimechoka kuyaeleza."

Watoto wake walikuwa wameshafika majini, wanakunywa hadi matumbo yanavimba. Sange akawatazama mpaka akahakikisha kweli wanakunywa. Kisha akalala pale pale, katikati ya mchana, mbele ya hakimu, bila kumwomba mtu ruhusa.

Nami macho yanajifumba. Shikeni hili mwende mkalale: anayempima babu kwa ukubwa wa mifupa, huishia kumfukulia jirani kaburi.