Mkaguzi wa Karakana ya Sare

Mtu mmoja pale Same alikuwa na karakana ya kushona sare za shule. Jina lake Elitumaini Mgonja, mtu wa watu, mkono wazi, kicheko chake kinasikika ng'ambo ya barabara. Kina mama waliomshonea walikula, wakasomesha watoto, wakaezeka nyumba kwa kazi ya karakana ile. Sifa yake kubwa ilikuwa nembo. Simba wa shule hii, mwenge wa shule ile, vyote vilichorwa kwenye kompyuta kwa programu maalumu, kisha mashine ya kudarizi ikaufuata mchoro uzi kwa uzi, mpaka simba akabaki kidogo tu angurume mfukoni mwa shati.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi husinzia. Programu ile haikuwa mali ya Elitumaini. Ilikuwa ya kampuni moja ya mbali, na kampuni haikuuza programu yenyewe. Iliuza ruhusa ya kuitumia, kila kompyuta na ruhusa yake. Elitumaini aliilipia kompyuta ya kwanza kwa moyo mweupe kabisa. Kazi ilipoongezeka akanunua kompyuta nyingine, na nyingine tena, na hizo akazinakilia tu programu ile bila kulipa. Jirani mwenye duka la vitenge akaiomba programu, akapewa. Fundi wa sokoni akaiomba, akapewa na soda juu. Kwao Upareni jirani akija asubuhi kuomba kaa la moto hanyimwi, kwa kuwa moto haupungui kwa kugawiwa. Elitumaini aliiona programu kuwa ni moto, asiulize jiko ni la nani. Watu wakamsifu kwa ukarimu wake, naye sifa akazipenda.

Siku moja ikaja taarifa. Mkaguzi wa kampuni angefika mwisho wa mwezi kuangalia kompyuta zipi zinatumia programu, na kwa ruhusa ipi. Atakayekutwa anaficha atafungiwa zote, hata ile iliyolipiwa. Na mwezi wenyewe Desemba! Shule zinafunguliwa Januari, mashati yamerundikana mpaka dirishani. Karakana ikifungiwa, kina mama wale wanarudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wao ndio hao hao wanaosubiri ada. Elitumaini akakosa usingizi.

Akajiandaa. Ee, ndugu zangu, alijiandaa huyo! Alijiandaa kama sisi tunavyojiandaa tukisikia mgeni anakuja. Akapaka rangi ukuta wa mbele. Akanunua mapazia. Akachagua mbuzi. Kompyuta zisizo na ruhusa akazihamishia sebuleni kwake, akazipanga ukutani, na kila moja akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, eti mapambo. Msicheke. Na kwenu nimefika, najua kilichoko chini ya vile vitambaa. Kisha akawakusanya kina mama wafanye mazoezi ya kujibu. Yeye akawa mkaguzi, akavaa na miwani. Akamuuliza Namsifu, mshonaji mcheshi kuliko wote, hizi nembo zinachorwa wapi. Namsifu akajibu kwa uso mkavu kwamba simba huja mwenyewe, wao humkuta tu kwenye shati. Karakana nzima ikaangua kicheko, wengine wakakaa chini kabisa. Elitumaini naye alicheka mpaka miwani ikadondoka. Alipoinuka kuiokota akaona vyerehani vyote vimesimama. Vilikuwa vimesimama tangu asubuhi, maana watu walikuwa wakikariri uongo na hakuna aliyeshona.

Mkewe, Nakiete, alikuwa mlangoni na birika la chai. Akayatazama mapazia, akamtazama mumewe.

"Baba Nanzia," akasema, "huyu mgeni anakuja kuiona nyumba, na sisi nyumba tunaificha. Sasa tutamkaribisha wapi?"

Elitumaini akaipokea chai. Akainywa, kisha akaivaa tena ile miwani, safari hii si kwa mchezo. Akazirudisha kompyuta zote karakana, akaenda moja baada ya moja akiuliza: wewe unafanya kazi gani, na kwa ruhusa ya nani? Na hapo ndipo furaha ilipoanza, niwaambie kweli, kwa sababu mtu huyu alitegemea kukuta aibu tupu, akakuta na vituko. Moja ilikuwa na programu ambayo haijafunguliwa hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwapigia kina mama nyimbo za kwaya. Programu wakaifuta, kwaya ikabaki. Ile kompyuta ya kwanza, yenye ruhusa halali, iliungua zamani ikatupwa stoo. Walipoitafuta walikuta kifuniko kimetoka, ndani kuku ametaga, akawatazama kwa hasira za mwenye nyumba. Lakini ruhusa haikuungua pamoja na mashine! Wakaiandikia kampuni, wakaeleza yote bila kupunguza, na kampuni ikajibu kwamba ruhusa ile ingali hai na inaweza kuhamishiwa kompyuta nyingine. Miaka yote mtu huyu alikuwa akiiba kitu alichokuwa nacho stoo.

Zilizobaki zilimgharimu, sitawadanganya. Zile alizozihitaji kweli alizinunulia ruhusa kwa kuuza pikipiki yake, akawa mtu wa kutembea kwa miguu, na kitambi kikaanza kumuaga. Lililomuuma zaidi ni kupita kwa majirani. Alisimama kwa mwenye vitenge akamwambia kwamba moto aliompa haukuwa wa jiko lake, na sasa anamwomba auzime. Mwenye vitenge akanuna, na alinuna mpaka Krismasi. Fundi wa sokoni akacheka, akasema alikuwa akihisi, ila cha bure nani hukikataa? Akaifuta palepale. Elitumaini akarudi karakana anapiga mluzi, na kina mama wakashangaa, maana tangu ile taarifa ije hakuwa amepiga mluzi.

Mkaguzi hakungoja mwisho wa mwezi. Alifika mapema, asubuhi ya kazi, mapazia yako kwenye beseni, vipande vya nguo sakafuni, watu wametingwa. Alikuwa dada mwembamba, begi mgongoni. Akasimama kizingitini akapiga hodi. Kina mama wakaitikia kwa sauti moja, macho hayajatoka kwenye sindano: "Karibu!" Hakuna aliyeshtuka. Elitumaini akampa kiti, na kabla hajaulizwa akamwonyesha kompyuta moja iliyozimwa pembeni, akasema hiyo bado haijanunuliwa ruhusa, itawashwa siku itakapoipata. Yule dada akazunguka, akaangalia moja moja, akaridhika. Kisha akaomba aonyeshwe simba anavyodariziwa, akakaa hadi mkia ukamalizika, akala muhogo na chai kama waliokuwepo. Mbuzi akapona. Dada alipotoka, Namsifu akapiga kigelegele kirefu mpaka wapita njia wakachungulia kuuliza anaolewa nani. Na Januari watoto wa Same wakaingia madarasani na simba vifuani, na watoto wa kina mama wale walikuwa miongoni mwao.

Nanyi mliokaa mbele yangu, mlioniitikia kwa nguvu nilipoanza kwamba mko tayari kwa Mgeni ajaye, nawauliza: hodi ikipigwa sasa hivi kwenye mlango wako, utajibu "karibu", au utajibu "subiri kidogo"?