Jina Usilolisoma

Usililie jina usilolisoma. Hivyo ndivyo fundi cherehani alivyomjibu yule kijana aliyenyimwa mkopo wa pikipiki, nanyi mkaja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kondoa, na walioizaa ni wanawake wawili, Mwasiti na Sikudhani.

Mwasiti alikuwa akinunua alizeti, anaikamulisha kwenye mashine za watu, kisha anauza mafuta sokoni. Meza yake ilikuwa ubavuni mwa meza ya Sikudhani, na wenyewe walikuwa chanda na pete. Wote wawili walikopa kwenye ushirika mmoja wa akiba na mikopo. Mume wa Mwasiti alipofariki, Mwasiti akakaa eda, na desturi mnaijua: mfiwa hasumbuliwi na habari za soko, sembuse za madeni. Sikudhani akamwinamia sikioni akamwambia, "Mafuta yako nitauza, marejesho yako nitapeleka. Wewe mlilie mumeo." Mwasiti akashusha pumzi. Katika mizigo yote ya msiba ule, huo mmoja aliutua.

Eda ilipokwisha alirudi sokoni na shauku moja. Mzee mmoja alikuwa anahamia kwa mwanawe Singida, na alitaka kuuza mashine yake ya kukamulia kwa bei ya kutupa. Mwasiti alikuwa amechoka kupanga foleni kwenye mashine za wenzake. Akajifunga kanga mpya, akaenda benki kuomba mkopo, moyoni akijihesabu mtu safi. Afisa mikopo, Bi Elifuraha, alitazama kompyuta yake, uso ukambadilika.

"Mama, taarifa yako ya mikopo inaonyesha kuna miezi hukulipa kule ushirika. Una haki ya kuiomba uisome mwenyewe, maana..."

Mwasiti hakusubiri maana. Machozi yalikuwa yamemtangulia mlangoni. Njia nzima alililia jina lake, jina la mtu asiyedaiwa hata chumvi na jirani, na kabla hajafika sokoni alikuwa ameshampata mwizi. Kwani nani alikuwa akipeleka marejesho? Aliyeumia hatafuti ushahidi, anatafuta mtu. Akaanza kuyabeba madumu yake kutoka mezani kwa Sikudhani, mbele ya wateja.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" alisema kwa sauti.

"Kulikoni, shoga yangu?"

"Umekula pesa za mjane, ndiyo kulikoni!"

Neno hilo, wajukuu zangu, halisemwi sokoni. Wateja wa Sikudhani wakaanza kupita mbali na meza yake. Naye Mwasiti hakupata raha aliyodhani ataipata. Walizoea kunywa chai ya asubuhi kutoka chupa moja, na sasa kila alipoimimina peke yake ilipoa kikombeni. Alikuwa amepoteza mume, na sasa alikuwa anapoteza mtu wa pili kwa mikono yake, na hakujua amzuieje.

Asubuhi moja Sikudhani akaja kwake, amevaa baibui la kutokea. Hakuketi.

"Vaa twende benki."

"Kufanya nini?"

"Si unasema nimeiba? Basi mwizi huyo ana tarehe alizoiba. Twende tukazisome."

"Nimeshaambiwa jina langu limeharibika."

"Umeambiwa. Umelisoma?"

Mwasiti akachukua kitambulisho chake wakaenda. Bi Elifuraha akamchapia taarifa yake na kumwonyesha kwa kidole. "Hapa ni wewe, jina na namba ya kitambulisho. Hapa ni mikopo uliyowahi kuchukua, na hapa ni ulivyolipa, mwezi kwa mwezi. Huku chini ni wote waliowahi kuulizia habari zako." Mwasiti alitegemea kuona karatasi imejaa aibu tupu. Kumbe mikopo yake yote ya nyuma ilikuwa imelipwa kwa wakati, safu baada ya safu. Iliyokosa malipo ni miezi ile ya eda peke yake.

"Miezi hii nani alilipa?" Bi Elifuraha aliuliza.

"Mimi, kwa simu," Sikudhani alisema. "Simu inataka namba ya uanachama, na kadi yake ilikuwa chumbani kwake. Sasa niingie kwa mfiwa nimwombe kadi ya deni? Niliona haya. Nikaweka namba yangu, nikamwambia karani wa ushirika, hii ni ya Mwasiti."

"Akaandika?"

"Akasema, sawa mama."

"Na mkopo wako wewe?"

"Uliisha mapema. Nikadhani nimekosea kuhesabu. Mimi na hesabu hatujawahi kuelewana."

Bi Elifuraha akaomba simu yake. Ujumbe wa malipo ulikuwemo wote: kila mwezi wa eda malipo mawili, ya Sikudhani na ya Mwasiti, na yote yameingia kwenye deni la Sikudhani. Akawaeleza wapeleke ushahidi ule ushirika na waandike malalamiko, kosa lisahihishwe.

Likasahihishwa, ingawa si upesi. Mashine ya yule mzee haikungoja, ilipata mnunuzi mwingine. Mwasiti alimwomba Sikudhani radhi pale pale sokoni, kwa sauti ile ile aliyomtukania. Lakini methali ilikuwa imeshatoka kabla ya hayo yote, mezani kwa Bi Elifuraha. Mwasiti alikuwa ameishika karatasi, hawezi kuinua uso, machozi yanamdondoka. Bi Elifuraha akataka kumbembeleza.

"Mwache," Sikudhani alisema, akavuta kiti chake karibu. "Siku ile alililia jina ambalo hajalisoma, akanipoteza mimi. Leo amelisoma. Lia, shoga yangu, nipo."

Watu waliokuwa kwenye foleni walisikia, wakatoka nayo. Usililie jina usilolisoma.