Mwaluma Msoma Ukuta na Mpira wa Ngeu

Enyi Wasunga mliokusanyika, ninayowasimulia ni ya zama ambazo babu zetu hawakuwa na ardhi, wakihama na mbuzi wao kutoka mlima mkavu hadi mlima mkavu. Katika zama hizo alizaliwa Mwaluma, mwana wa Kilalo, mwana wa Nyambu, ambaye sote tuliopo hapa tumetoka katika damu yake. Waliomjua walimwita Jicho la Mwewe, tena Msoma Ukuta. Nitayasema yote, hata yale yanayotuinamisha vichwa, maana ndivyo tulivyoagizwa.

Bonde hili lenye chemchemi tuliligombea na Wambela kwa mikuki miaka miwili, hata wazee wa pande zote mbili, walipochoka kuzika, wakapatana kwamba mzozo uamuliwe kwa mpira. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, umejazwa manyoya na kupakwa ngeu, ule udongo mwekundu, ili atakayeudaka ajulikane kwa viganja vyake; na kila upande ulipopata, mdakaji alinawa kabla ya kuendelea. Kila upande ulitoa watu kumi na mmoja. Mrushaji alirusha kwa mkono, na mwenzake akiudaka ng'ambo ya mstari wa majivu, upande wao umepata. Watakaotangulia kupata mara tatu watalichukua bonde, na wengine watahama.

Mwaluma ndiye aliyeturushia. Hakuwa na nguvu kuwapita wenzake, bali alijua kuusoma ukuta wa watu, yaani walinzi waliosimama kumzuia. Hakutazama nyuso, kwa kuwa uso hudanganya, alitazama miguu. Aliyeegemea visigino alijua atarudi nyuma, aliyesimama kwa vidole alijua atamvamia, na wawili waliotupiana jicho alijua watabadilishana mtu wa kumlinda. Na karibu na majivu, mahali ambapo walinzi hawaogopi tena kupitwa kwa mbali na hubanana kama meno, yeye alirusha kabla mdakaji hajageuka, akaupeleka mpira mahali ambapo mtu hajafika bado.

Alikuwa na wadakaji wawili. Mmoja aliitwa Shako, mtu mwembamba asiyesema sana. Wa pili alikuwa Righa, ndugu yake kwa baba, mwana wa mke mdogo Mkawasi. Siku hiyo Righa alidaka mara mbili, na wanawake waliokuwa ukingoni wakaanza kuliimba jina lake. Mwaluma aliusikia wimbo huo, na haukumpendeza.

Wambela nao wakapata mara mbili. Jua lilikuwa limeinama, na sisi tulikuwa hatua kumi kutoka kwenye majivu. Mwaluma akausoma ukuta, akaona walinzi watatu, watu wazito kuliko wote, miguu yao yote imeelekea kwa Righa. Akaelewa kwamba Righa akikimbia katikati, hao watatu watamfuata, na pembeni Shako atabaki peke yake. Akaelewa pia kitakachompata mtu atakayerukia angani katikati ya watatu wale.

Angeweza kumwambia. Lakini alihofu kwamba mtu anayejua hapewi mpira hatakimbia kama anayepewa, na walinzi watalitambua hilo. Basi akamshika ndugu yake bega, akasema, "Huu ni wako. Ruka, usitazame pembeni."

Righa akasema, "Nimesikia, kaka."

Akakimbia kama mtu aliyeahidiwa, akaruka na mikono wazi, na wale watatu wakamkuta angani. Mpira ulikwenda pembeni, Shako akaudaka ng'ambo ya majivu, na Wasunga wa ukingoni, ambao kwa vumbi waliuona mpira ukivuka lakini si mdakaji, wakapiga vigelegele vilivyofika milimani. Katikati Righa alilala, shingo imevunjika. Mwaluma alipopiga magoti kando yake, Righa akauliza kwa sauti ndogo, "Niliudaka?"

Mwaluma akamjibu, "Uliudaka."

Kwa neno hilo Righa akafa. Na Mwaluma, aliyekwisha kusema uongo mara mbili, akausema mara ya tatu kwa watu wote, kwamba ndugu yake ndiye aliyetupatia bonde. Shako akaficha mikono yake ndani ya nguo. Wambela waliona, lakini mpira ulikuwa umevuka majivu, nani aliudaka halikuwa neno lao tena. Wakabeba mizigo yao, wakahama.

Ilipofika siku ya kumsimika Mwaluma kuwa mkuu wa nchi, mbele ya watu wote alisimama Mkawasi, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazishi. Akasema, "Mwanangu nilimwosha mimi. Viganja vyake havikuwa na ngeu. Sikatai kwamba alikufa kwa ajili yenu. Nauliza, alijua?"

Mwaluma akavua ngozi ya chui waliyomvika, akaiweka chini, akasema, "Hakujua. Nilimdanganya ili tushinde. Na kama nisingeusikia wimbo wa jina lake, pengine ningemwambia. Hilo mimi mwenyewe silijui, na nimelitafuta kila siku."

Watu walitaka kumsamehe. Lakini msamaha wao aliuonea haya kuliko matusi, maana walikuwa wakiyanywa maji ya chemchemi huku wakimsamehe. Kabla jioni haijafika akashika njia waliyohama nayo Wambela, bila fimbo wala kibuyu. Wapo wanaosema aliwafikia, akawatumikia kwa kuchunga mbuzi wao hadi kufa; wengine husema hakufika popote. Kaburi lake hatulijui.

Tangu siku hiyo, Msunga akimtuma mwenzake mahali pa hatari humwambia yote mbele ya mashahidi wawili, na anayetumwa ana haki ya kukataa bila kulaumiwa. Wambela wakipita hapa, huteka maji kabla yetu, nasi husubiri bila kuwatazama usoni. Katika kila nyumba ya bonde hili yupo mtoto anayeitwa Righa. Jina la Mwaluma hatujampa mtoto yeyote, ingawa sote ni wake.