Benchi la Mlangoni

Wapendwa, leo nina habari ya mama mmoja mchuma chai, jina lake Atuganile. Alikuwa mjane, watoto wote wamehamia mbali, na furaha yake kubwa ilikuwa kwaya. Miaka kumi na minane aliimba sauti ya pili, bega kwa bega na jirani yake Subilaga.

Msimu mmoja wa baridi akaanza kukohoa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwili ukapungua mpaka gauni likawa linamning'inia. Akaenda zahanati, akatoa makohozi, akakutwa na kifua kikuu.

Nesi akamwambia, "Mama, huu unapona. Dawa ni miezi sita, usiruke hata siku moja. Kaa nyumbani kwanza. Ukimeza vizuri, baada ya wiki chache hutamwambukiza mtu. Na wenzako waje wapimwe. Ugonjwa huu hupita hewani, mtu akikohoa kwenye chumba kilichofungwa. Hauko kwenye sahani wala kwenye kushikana mikono."

Atuganile hakuficha. Jioni ileile alikwenda mazoezini, akasimama nje, kitambaa mdomoni, akawaambia wote: "Ndugu zangu, nina TB. Nendeni mkapime." Wakarudi kwenye mazoezi yao. Wala hakuna aliyekwenda kupima.

Nesi alipomruhusu, akarudi kwaya. Akakuta amewekewa benchi lake peke yake, mlangoni. Wakati wa chai, wenzake walichukua vikombe kwenye sinia. Yeye akapewa kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu. Akamtazama Subilaga. Subilaga akainamia kitabu cha nyimbo.

Juma lililofuata hakwenda. Na hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Mnaujua upweke wa mtu anayepona, wapendwa? Anameza dawa asubuhi, hana wa kumwambia leo nimeamka na nguvu. Siku za mazoezi wimbo ulimfikia jikoni, ukipita juu ya mashamba ya chai, naye akaimba sehemu yake polepole. Akifika pale ambapo Subilaga humpokea, ananyamaza, anasubiri, kisha anaendelea peke yake.

Miezi sita ikaisha. Akapimwa, amepona kabisa. Akasema moyoni, nitakwenda kwa Subilaga, hata akinifukuza.

Akabisha hodi. Hakuitikiwa, alisikia kikohozi. Akasukuma mlango. Madirisha yamefungwa, nyufa zimezibwa kwa matambara, na Subilaga yuko kitandani, mifupa mitupu.

"Dada! Tangu lini?"

"Mwezi wa nne huu."

"Na mimi niko nyumba ya pili! Dawa ni bure, njia unaijua. Kwa nini hukwenda?"

Subilaga akageukia ukuta. "Niliona tulivyokufanya."

Hapo ndipo Atuganile aliposikia kikohozi kingine, kidogo sana, chini ya blanketi. Alikuwa mjukuu wa Subilaga, mtoto wa miaka miwili, aliyelala na bibi yake chumba kile kila siku. Atuganile akambeba mgongoni, akakimbia naye hadi zahanati, na kutoka pale mtoto na bibi yake wakapelekwa hospitali.

Bibi alipona. Mtoto tulimzika.

Ndiyo, nimesema tulimzika. Kwaya ile ni ya kanisa hili, na mwalimu aliyeliweka benchi mlangoni ni mimi, kabla sijavaa kanzu hii.

Nani alimuua mtoto yule? Vijidudu? Vijidudu vina dawa. Sisi tulimfundisha bibi yake kwamba kukohoa kwa siri ni salama kuliko kusema kweli. Tulidhani tunajikinga, kumbe tulikuwa tunaufungia ugonjwa chumbani pamoja na mtoto.

Kwa hiyo sikieni. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapime. Funika mdomo. Fungua nyumba hewa ipite. Akiugua mmoja, watoto wadogo wa nyumba hiyo wapelekwe haraka wapewe dawa ya kinga. Na anayemeza dawa, mtembelee, mkae naye hata uani, mpaka amalize.

Najua yuko mmoja humu anayekibana kifua chake sasa hivi, asisikike. Ndugu yangu, kohoa. Kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda kupima.