Muhuri wa Afande Nyegere

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Tuambie!

Pakawa na msitu, na msituni kituo, na kituoni afande, na kidevuni kwa afande asali. Wewe kule nyuma, acha kujikuna, usikilize.

Hapo kale msitu ulikuwa na mkuu wa askari, jina lake Afande Nyegere. Kifua kipana, kucha ndefu, ngozi ngumu hata nyuki wamchome kutwa nzima hasikii. Kazi yake ilikuwa kulinda mizinga ya wanyama, naye aliilinda kwelikweli. Akiona mzinga, anaulinda. Akiulinda, asali inakwisha.

Wanyama wakaanza kulalamika. Na utaratibu wa kulalamika ulikuwa hivi: lalamiko linaandikwa juu ya gome la mti, gome linapelekwa kituoni, halafu anayelalamikiwa anajichunguza. Ndiyo, yeye mwenyewe! Msinikodolee macho, utaratibu huo sikuutunga mimi. Akimaliza kujichunguza anachovya mguu kwenye matope na kupiga muhuri, pwata! Msitu mzima ulijua maana ya muhuri ule: nimejichunguza, si kweli hata neno moja.

Nungunungu akalalamika, "Afande kala asali yangu."

Pwata! Si kweli hata neno moja.

Digidigi akalalamika, "Afande kala asali yangu, na mzinga kaukalia ukavunjika."

Pwata! Si kweli hata neno moja.

Kanga akalalamika, "Afande kala asali yangu, mzinga kaukalia, na mimi mwenyewe kanipiga teke."

Pwata! Si kweli hata neno moja.

Magome yakafika thelathini na moja, na afande akawa safi mara thelathini na moja. Msitu mzima haukuwa na askari safi kama yeye, na tumbo lake lilikuwa linaburuza chini.

Ikafika zamu ya Bi Pimbi. Yule mama alikuwa na mzinga mmoja tu, na hakuwa na woga. Alikwenda kituoni mwenyewe, akasema mbele ya watu, "Afande, mzinga wangu ninauona pale nyuma yako!" Afande hakupiga muhuri tu safari hii. Alimkamata kwa kosa la kumvunjia askari heshima, akamtumbukiza shimoni, akasukuma jiwe mlangoni, gudu! Akatangaza kwamba siku ya baraza Bi Pimbi atafukuzwa avuke mto. Na ng'ambo ya mto wanakaa chui, na chui anapenda pimbi kuliko wewe unavyopenda wali.

Mumewe, Pimbi, alikuwa mnyama mdogo tu, hana mkia, hana pembe, anapenda kuota jua. Lakini alimpenda mkewe sana, na jua siku hiyo halikumwingia mwilini. Akaenda shimoni, akainama kwenye ufa wa jiwe.

"Mama watoto, niende nikalalamike kwa ajili yako?"

"Usijisumbue, baba," mkewe akajibu kutoka ndani. "Ukilalamika lolote, yeye atapiga muhuri tu."

Pimbi akaanza kucheka, kwi kwi kwi kwi!

"Unacheka nini wewe, mwenzio niko shimoni?"

"Nacheka kwa sababu umesema kweli. Nikilalamika lolote, atapiga muhuri tu."

Akaondoka mbio hadi kwa Kasuku, karani wa msitu. Akamnong'oneza lalamiko lake sikioni. Kasuku akaacha kuandika.

"Pimbi, jua limekupiga kichwani? Hivi ndivyo unavyotaka niandike?"

"Hivyo hivyo, usipunguze neno."

Kasuku akaandika huku akitikisa kichwa. Wakaenda wote kituoni. Wakamkuta Afande Nyegere amezamisha kichwa ndani ya mzinga, nyam nyam nyam, na sote tunajua ulikuwa mzinga wa nani.

"Afande, shikamoo. Nimeleta lalamiko," Pimbi akasema.

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako, afande."

"Lete!"

"Afande, nakuomba ulisome kwanza."

"Nilisome? Nimeletewa thelathini na moja, yote uongo!"

"Basi Kasuku akusomee, ni maneno machache."

"Potelea mbali na maneno yako! Asali inamwagika hapa!"

Akachovya mguu, pwata! Akarudisha kichwa mzingani.

Pimbi akasema asante sana, afande. Aliisema kwa adabu zote.

Siku ya baraza wanyama wakajaa. Mkuu wa msitu, Bi Ndovu, akakaa mbele. Bi Pimbi akatolewa shimoni, kafungwa kamba, macho makavu. Afande akasimama karibu naye na kidevu chake kinachong'aa. Desturi ya baraza ni kwamba kila lalamiko lililopigwa muhuri husomwa kwa sauti, na Kasuku ana sauti.

"Lalamiko la Pimbi dhidi ya Afande Nyegere!" Kasuku akaanza. "Namlalamikia afande kwamba hajawahi kuiba asali ya mtu. Namlalamikia kwamba mzinga wa mke wangu hakuuchukua. Namlalamikia kwamba alimfunga mke wangu kwa haki."

Wanyama wakatazamana.

"Na muhuri?" Bi Ndovu akauliza.

"Muhuri upo. Afande amejichunguza, na anasema si kweli hata neno moja."

Weee! Baraza likalipuka. Nungunungu alicheka mpaka miiba ikamdondoka.

"Sikulisoma!" Nyegere akafoka. "Bi Mkubwa, nilipiga tu! Mimi hupiga tu!"

Pimbi akasogea mbele, mdogo kama alivyo, akasimama pale pale chini ya mkonga wa Bi Ndovu.

"Bi Mkubwa, amua wewe. Kama muhuri wake ni wa kweli, basi amekiri mwenyewe. Kama hupiga tu, basi na yale thelathini na moja alipiga tu."

Nyegere akaanza kujifuta asali kidevuni.

Bi Ndovu alikuwa na aibu, na alisema hivyo mbele ya wote. "Niliamini muhuri, sikuwaamini ninyi. Kosa ni langu pia." Akamvua Nyegere uaskari hapo hapo. Akaamuru magome yote yafunguliwe upya, na kuanzia siku hiyo lalamiko dhidi ya askari lichunguzwe na Kiboko wa mtoni, ambaye hali asali na wala hana urafiki na askari yeyote.

Kamba ikakatwa. Pimbi akamkimbilia mkewe kwa furaha, akitegemea kukumbatiwa. Mkewe akampita, akaenda moja kwa moja kwa Nyegere, akashika kiuno.

"Mzinga wangu. Na uuoshe kwanza."

Nyegere akauosha, mbele ya baraza zima, mpaka ukatakata.

Funzo la ngano hii, watoto wazuri, ni hili: askari akikosa, mwacheni ajichunguze mwenyewe, maana ataifanya kazi hiyo haraka sana.

Ngano yangu nimeitua hapa, anayeitaka aibebe.

— Tumeibeba!