Vunjajungu na Wagonjwa wa Kidukari

Zamani, ila si zamani sana, maana bomba la dawa ya kuua wadudu lilikuwa limeshafika mashambani, Mama Vunjajungu aliishi kwenye shina la sukuma wiki. Mikono yake ilikuwa na meno kama msumeno. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani, walimwogopa kama kifo.

Msimu ule alikuwa amebandika mfuko wake wa mayai chini ya jani. Ukoo wa vunjajungu ulikuwa na mwiko: mama haondoki penye mfuko mpaka watoto watoke. Siku saba zilibaki.

Asubuhi moja mwenye shamba akapita na bomba mgongoni. Fyuu, fyuu, fyuu! Vidukari wakapukutika. Vunjajungu naye kichwa kikamzunguka, ila akashikilia shina lake.

Jua lilipopanda, Kidukari mmoja akamjia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umejileta mwenyewe mdomoni?"

"Nimekuonea huruma. Huwezi kuondoka hapa, na njaa inakuuma. Kwetu kuna wagonjwa hawatapona. Nitakuletea ishirini kila asubuhi, nawe utuache sisi wazima."

"Si wamekunywa dawa hao?"

"Hata mimi nimeinywa. Nitazame!" Kidukari akacheza, tikitiki, tikitiki, juu ya jani.

Vunjajungu akawaza: kama kitone hiki kimekunywa na kinacheza, itanifanya nini mimi, jitu zima? Akakubali. Masikini, hapo ndipo alipojimaliza.

Wagonjwa wakaletwa, wakipepesuka. Nyama laini, haina mbio. Siku ya tatu mguu ukaanza kumtetemeka. Akasema ni uchovu. Siku ya saba mikono ile ya msumeno ikakataa kukunjika.

"Umenifanya nini?" akauliza. Sauti ilikuwa haitoki vizuri.

"Sijakufanya kitu, mama. Sisi tangu kuzaliwa tunanyonya utomvu mchungu. Matumbo yetu yamejifunza kuvunjavunja uchungu. Tuliojifunza vizuri ndio tuliobaki. Wewe maisha yako yote umekula nyama tamu, tumbo lako halikufundishwa. Na kila mgonjwa alikuja na tone lake. Umekula mia na arobaini."

"Nyinyi pia mmekufa wengi."

"Wengi sana. Lakini leo nimezaa watano, na wiki ijayo nao watakuwa wanazaa. Wewe una mfuko mmoja msimu mzima."

Vunjajungu akageuza macho kwenye mfuko. Ulikuwa umeanza kupasuka, na vichwa vidogo vilikuwa vinachungulia. Aliwaonea uchungu usiosemeka. Akataka kuwaambia wasile wagonjwa wale, lakini taya halikufunguka. Akaachia shina, pu, akaanguka.

Kidukari akawasogelea watoto.

"Karibuni duniani, wanangu. Mama yenu alikuwa rafiki yangu. Mna njaa? Mwenye shamba anapita tena kesho, na baada ya hapo nitawaletea chakula kisicho na mbio."

Ndiyo hivyo, watoto wangu: usipime sumu kwa udogo wa aliyeinywa akapona.